Demareri ya kale ao ya kisasa? Jibu kwa mwenye Land Rover ya 1965

Ndugu mumoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia juu ya demareri, ile motere ndogo ya umeme yenye kuzungusha motere kubwa ili iwake: «Jambo papa fundi. Niko na Land Rover Series IIA ya petroli ya 1965, ilikuwa ya marehemu baba. Asubuhi inawaka lakini demareri inazunguka polepole sana. Nikitembea nayo mpaka Panzi na kuzima, motere ikiwa ya moto hairudi kuwaka, inafanya tu tak na kunyamaza, njo maana siku zote naipaki pa mutelemuko. Elektrisie anasema demareri imekufa. Dada yangu eko Bruxelles, ameona zile ndogo za kisasa za redukteri na anataka kunitumia moja. Nitengeneze ya baba ao nichukue mpya?»

Ndugu yangu, mwambie dada asitume bado. Demareri yako sijaiona lakini kwa vile unaeleza, naona hakuna mutu amepima kitu, wamesikiliza tu tak wakasema imekufa. Na hata kama ni mugonjwa kweli, kwa motokari kama yako na kwa mji kama wetu miye nasimama upande wa kutengeneza ile ya kale, nitakueleza sababu moja moja, na nitakuambia pia ni wapi ningebadilisha mawazo.

Tuanze na batri maana njo inadanganya watu wengi. Batri yenye imejaa, ukiipima motokari imelala, inaonyesha kama 12.6 V. Ikionyesha 12.0 V ujue imebakia na kama robo tu, na hapo hakuna demareri itazunguka vizuri, ya kale wala mpya. Niulize pia jambo lingine: ile batri ni ya motokari kweli? Maana hapa kwetu courant ikikatika watu wanatoa batri ya motokari kuweka mwangaza mu nyumba, ao wanafanya kinyume, wanachukua batri ya solaire wanaifunga ku motokari. Batri ya solaire imetengenezwa kutoa moto (umeme) kidogo kidogo kwa masaa mingi, demareri inaomba mingi sana kwa sekunde tatu, kwa motere ya silinda 4 ya petroli ni amperi mia moja na zaidi, haviendane. Na ile ya motokari ukiimaliza kabisa usiku na usiku na mwangaza wa nyumba inakufa haraka, hata dukani waseme ilikuwa mpya.

Batri ikiwa sawa, chukua multimetri, ile ya bei ndogo ya sokoni inatosha. Mutoto azungushe kontakti, weye upime pale pale ku batri: wakati demareri inazunguka isishuke chini ya 9.6 V. Halafu weka sindano moja ya multimetri ku pole ya batri yenye inaenda ku demareri, ingine ku bulo ya demareri yenyewe, mutoto azungushe tena, hapo inapashwa kuonyesha kitu kidogo sana, ikipita 0.5 V basi kuna kitu kinakula nguvu njiani, ni kabule, ni kosi (vishikio vya ku batri) zenye kutu ao ni solenoide, ile swichi ya umeme yenye kufungulia demareri. Mwisho fanya vile vile upande wa masi (njia ya umeme kurudi ku batri kupitia chuma ya motokari), toka pole ingine ya batri mpaka ku chuma ya demareri, pale isipite 0.3 V.

Ule upande wa masi njo naomba usiuruke. Land Rover yako iko na bodi ya aluminium juu ya shasi ya chuma, na motere imekaa juu ya kaushu, kwa hiyo masi ya motere inategemea ule mukanda mumoja wa waya za kusuka wenye kuunganisha motere ao bwate ya vitesi na shasi. Miaka karibu 60 mu matope yetu, ule mukanda umeoza ao fundi mumoja aliushusha wakati wa kutengeneza ambreyaji akasahau kuurudisha. Ukikosa, moto unatafuta njia ingine ya kurudi, unapita hata ku kabule ya staateri (ile ya kuvuta asubuhi ya baridi) ao ya akseleratere, ukigusa ile kabule wakati wa kudemare utasikia ni ya moto. Kusugua mahali pale mpaka chuma iangae na kufunga mukanda mpya ni kazi ya nusu saa. Naomba pia uangalie kabule zenyewe maana siku hizi kuna kabule nene nzuri kwa macho lakini ndani ni aluminium yenye imepakwa shaba juu, ukikwaruza waya moja na kisu utaona rangi nyeupe ndani. Aluminium inapitisha umeme kama 60% tu ya shaba kwa unene ule ule. Kwa radio haina neno, kwa demareri ni mbaya.

Sasa ile ya kukataa ikiwa na moto. Iko na sababu tatu na moja tu kati yake njo inahusu demareri mpya. Ya kwanza, shaba ikishika moto inapinga umeme zaidi, karibu 0.39% kwa kila digrii, kwa hiyo waya zikitoka digrii 20 kufika 90 zinapinga kama 27% zaidi ya asubuhi, na kama kabule na masi zilikuwa tayari zinakula volti, hicho kidogo chenye kilibakia hakitoshi. Ya pili, bagi (pete za bronze) zenye kushika indui, ile sehemu yenye kuzunguka ndani ya demareri, zikiisha, indui inashuka inagusa ndani ya chuma, na moto ukiongezeka inakwaruza zaidi. Ya tatu watu hawaifikirie kabisa: alimaji (saa ya cheche kuwasha petroli) imewekwa mbele sana. Motere ikiwa ya moto, mwako unakuja kabla pistoni haijafika juu, unapigana na demareri, weye unadhani demareri imechoka. Kujua ni rahisi, toa waya mukubwa wa bobini katikati ya distribiteri, ufunge ku masi, zungusha motere ikiwa ya moto. Ikizunguka vizuri sasa, demareri yako haina kosa, peleka kwa mutu wa kurekebisha alimaji.

Kama vyote hivi viko sawa na bado inavuta kwa shida, hapo sasa tuongelee demareri yenyewe.

Ya baba yako, kama hakuna mutu amebadilisha, ni M418G ya kampuni Lucas ya Uingereza. Ni motere nzito, waya nene ndani ya nyumba ya chuma, indui inazunguka moja kwa moja na pinyo (gurudumu ndogo ya meno), hakuna jeri katikati. Pinyo iko juu ya bendiksi, indui ikianza kuzunguka kwa nguvu pinyo inakimbia yenyewe ku kurone ya vola (duara ya meno ku gurudumu nzito ya motere), motere ikiwaka inatupwa kurudi nyuma. Solenoide haiko juu yake, imefungwa pembeni. Ile ya dada ni ingine kabisa: motere ndogo yenye kuzunguka mbio sana, halafu jeri za kupunguza mbio na kuongeza nguvu kabla ya kufika ku pinyo, kama vile mutu wa baiskeli anashusha vitesi kupanda kilima. Wazo si la jana, Chrysler ya Marekani iliziweka ku motokari zake tangu 1962, na Toyota zenye zimejaa hapa Bukavu mingi ziko na demareri ya aina ile ya Denso. Faida zake ni za kweli, siwezi kuficha: uzito ni karibu nusu, inakula amperi kidogo, inazungusha motere haraka, na solenoide iko juu yake inasukuma pinyo iingie ku kurone kwanza, njo inazunguka, kwa hiyo meno ya kurone hayapigwe kama na bendiksi.

Lakini jiulize zile faida zinatengenezewa nani. Wenye kuziuza Ulaya wanaongea na mutu mwenye garaji yake inaganda mu baridi na mafuta ya motere yanakuwa mazito, ao mwenye ameongeza kompresio (kubana hewa mu silinda) kwa mashindano, ao mwenye motere kubwa ya V8 na eshapema imekumbatia demareri. Weye uko Bukavu. Tuko kama 1,500 m juu ya bahari, asubuhi ya baridi kabisa bado hatujui kuganda ni nini, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa hiyo hata pistoni inabana hewa kidogo. Tena motere yako ya 2,286 cc ya petroli ya miaka ile iliundwa na kompresio ya 7 kwa 1 tu. Ni motere yenye mutu mwenye nguvu anaizungusha na manivela! Lucas ikiwa muzima inaizungusha bila jasho, ilifanya hivyo tangu 1965.

Na jambo lenye linanifanya nisimame upande wa ya kale ni hili: kila kitu ndani yake kinaweza kutengenezwa hapa hapa. Sharbo (vipande vyenye kugusa na kupeleka umeme ku indui) zikifupika kufika kama 8 mm unabadilisha, hata ukikosa zake utapata kubwa kidogo ya motokari ingine na kuipiga limu mpaka iingie vizuri, bora iwe ya demareri, isiwe ya dinamo ao alternateri maana zile ziko na kaboni mingi, hazipitishe amperi kubwa. Zile mbili zenye zimeshikana na waya za ndani unapashwa kusude, na ukikuta waya za ndani ni za aluminium sude haishike, kata sharbo ya kale ubakishe mukia wake, sude mpya juu ya ule mukia. Bagi za bronze fundi wa turi anaweza kuzikata, lakini mwambie kabla ya kuziingiza azilalishe mu mafuta mepesi ya motere masaa 24, bronze ile iko na vitundu inakunywa mafuta, ukiiweka kavu itaisha mbele ya mwaka. Kolekteri (zile shaba za indui zenye sharbo zinagusa) ikiwa nyeusi isugue na papie ya vere nyembamba, isiwe papie ya fer, ikiwa na mashimo ipelekwe turi. Na hapa naandika kwa kukaza maana maelektrisie wengi wanaharibu: ile mika katikati ya shaba za kolekteri ku dinamo inachimbwa kidogo na msumeno, ku demareri hii ya Lucas HAICHIMBWE, ndivyo kiwanda kilivyosema. Waya za ndani zikiungua kuna watu wa bobinaji wenye kuzisuka upya.

Bendiksi yako oshe na petroli ao mafuta ya taa, ikauke, basi. Usiipake grese wala mafuta ya motere. Vumbi letu la mwezi wa saba likikutana na grese linakuwa udongo, pinyo inakwama, demareri inazunguka bure inalia wiiii na motere haigeuke. Wakati demareri iko nje chungulia pia meno ya kurone na tochi, huku mutu anazungusha motere na manivela polepole. Motere ya silinda 4 ukiizima inapenda kusimama mahali pale pale pawili, kwa hiyo meno yanaliwa pale pawili tu, mengine yanabakia mazuri. Kama yameliwa sana hata demareri ya dada itakula pale pale. Siku utashusha bwate kwa ambreyaji, kurone inatolewa kwa moto, inazungushwa robo, inarudishwa, na unapata meno mapya bila kununua.

Ile mpya ikiharibika? Kama ni kopi yenye haina jina, jeri za ndani zingine ni za plastiki, sharbo haina namba, na duka lenye lilimuuzia dada halitajibu simu ya Bukavu. Utatupa yote.

Na kuna nyundo. Weye unajua hapa kwetu demareri ikinyamaza mutu anachukua kle kubwa anaipiga tak tak, inarudi. Ku Lucas inasaidia kweli maana sharbo yenye imekwama inashuka, na hakuna kitu cha kuvunjika, ni shaba na chuma tu. Zile ndogo za kisasa mingi haziko na zile waya zenye zimefungwa ndani ya nyumba ya chuma, ziko na sumaku za kudumu zenye zimebandikwa ndani ya nyumba, na sumaku ile ni kama jiwe, ukiipiga inapasuka ao inabanduka, inafunga indui na imekwisha. Ukiamua kuchukua mpya basi andika juu yake na rangi nyeupe «usipige», maana siku hautakuwepo mutu ataipiga.

Bado kuna jambo moja lenye linaweza kukukosesha kila kitu. Land Rover za petroli za wakati ule zilitoka kiwandani na plusi ku masi, si minusi. Fungula kapo uangalie leo: ni pole gani ya batri inaenda ku shasi? Kama ni plusi, basi demareri ya sumaku itazunguka kinyume! Motere yenye sumaku ukigeuza plusi na minusi inageuka, lakini Lucas haijali, kwa sababu waya za nyumba na za indui zinageuka pamoja na inabakia kuzunguka upande ule ule. Njo maana ukitaka kugeuza motokari kuwa minusi ku masi demareri ya kale unaiacha ilivyo, kazi inabakia ku dinamo yenye inapashwa kugeuzwa sumaku yake ya ndani, ku bobini na ku radio. Watu wengine wamegeuza zamani wakati waliweka alternateri, wengine hapana, kwa hiyo usikisie, angalia.

Waya pia inabadilika. Kwa Lucas kabule nene ya demareri inakuwa na moto tu wakati unademare. Demareri yenye solenoide juu inaomba moto wa kudumu siku na usiku, na waya mwembamba wa kontakti wa kuamsha solenoide. Mafundi wengine wanachukua njia ya mukato, wanaacha kabule ya kale na wanaunganisha kiwaya kifupi toka bulo kubwa kwenda ku bulo ndogo pale pale ku demareri. Usikubali, sana sana kama ni ya sumaku: ukiachilia kontakti ile motere bado inazunguka, inakuwa dinamo, inatuma moto wake yenyewe ku solenoide, pinyo inachelewa kutoka ku kurone motere imeshawaka, na meno yanalia. Vuta waya mwembamba toka ku solenoide ya kale. Na ile kabule ya kudumu ivalishe mupira na kuifunga mbali na eshapema, maana haina fizi, ikigusa chuma ni moto wa kuunguza motokari.

Wapi ningesema ndiyo, chukua ya kisasa? Kama yako ingekuwa dizeli, nisingebishana sana, dizeli ya Land Rover ya wakati ule inabana 23 kwa 1, pale kila amperi ni ya lazima. Kama indui imeungua mpaka chuma imeyeyuka, ao nyumba imepasuka, na Lucas ingine haionekane. Mwenye Volkswagen Coccinelle ya volti 6 yenye imepelekwa ku 12 anaweza kuifikiria pia, lakini ahesabu kwanza meno ya vola, ya kale iko na 109 na ya volti 12 iko na 130, na ile bagi yenye imekaa mu bwate yenyewe ndiyo mara mingi mugonjwa, wanabadilisha demareri tatu na bagi inabakia ile ile. Wa Peugeot 404 na 504, Paris-Rhône na Ducellier zenu zinatengenezeka kama Lucas, musikimbilie mpya. Na mwenye lazima kubadilisha, miye ningetafuta yenye imejengwa juu ya Denso ya kweli kuliko kopi ya kungaa, kwa sababu sharbo na zile shaba mbili za ndani ya solenoide tunazipata hapa kila siku ju ya Toyota. Ila meno ya pinyo yahesabiwe, na uangalie meno ya kurone yamechongwa upande gani, maana kuna demareri pinyo inaingilia mbele na kuna zenye inaingilia nyuma, ikipiga upande wenye haujachongwa italia mpaka meno yaishe.

Basi mwandikie dada hivi: asante, lakini badala ya demareri atume seti ya sharbo na bagi za Lucas M418G, na ressort ya bendiksi, vyote vinaingia mu valizi ya mutu mwenye anakuja. Kabule ya shaba ya kweli ya 35 mm² ao 50 mm² hata hapa utapata ukikwaruza vizuri mbele ya kulipa. Na ile demareri ya baba usimuachie mutu aibadilishe na «ingine ya occasion nzuri», ku nyumba yake kuna namba na mwezi na mwaka zimepigwa mu chuma, zisome, zikilingana na motokari ni mali, hata kama haiko na kazi uiweke mu nyumba.

Ukisikia tena tak na kunyamaza mbele sijaiona, inawezekana ni pinyo imekwama ku kurone. Nyuma ya demareri kuna kifuniko kidogo, kitoe, ndani utaona musumari wa indui uko na pembe nne, shika na kle uzungushe kidogo, pinyo itaachilia. Ao weka vitesi ya nne, kontakti imezimwa, musukume motokari mbele na nyuma. Pima zile volti kesho asubuhi motere ikiwa baridi na tena ikiwa ya moto, unitumie namba zote, na uniambie plusi iko wapi.